Louis Bachelier, Mfaransa aliyeisoma hofu ya soko kwenye bei ya arbuni

Na Mwandishi Wetu, Kasese

Mfanyabiashara wa kahawa wa Bwera akiamka asubuhi huwa na maswali mawili. La kwanza ni bei ya leo, na hilo hujibiwa kwa simu moja tu. La pili ni gumu zaidi: wenye fedha huko sokoni wametulia, au wana wasiwasi? Bei inaweza kusimama pale pale wiki nzima huku kila mtu akiwa roho juu, akingojea habari za baridi kali kule Brazil au tetesi za kufungwa kwa mpaka wa Mpondwe.

Swali hilo la pili lilipata jibu la kihesabu mwaka 1900 mjini Paris, kutoka kwa kijana mmoja mtoto wa mfanyabiashara wa mvinyo. Jina lake ni Louis Bachelier. Leo hii wataalamu wa opsheni katika masoko ya hisa, fedha na mazao duniani humtaja kama mwanzilishi wa elimu yao. Lakini katika uhai wake alihangaika miaka 27 tangu apate shahada ya udaktari hadi kupata kiti cha kudumu cha uprofesa, na alifariki mwaka 1946 akiwa hajulikani nje ya duru ndogo ya wanahesabu.

Tunaleta maisha yake hapa kwa sababu kipimo alichokieleza kinamhusu pia mtu mwenye magunia yake ghalani Kasese, hata kama hajawahi kununua hisa moja.

Mtoto wa bandari ya kahawa

Bachelier alizaliwa tarehe 11 Machi 1870 mjini Le Havre, bandari kubwa kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake, Alphonse, aliuza mvinyo na pia alikuwa naibu balozi mdogo wa Venezuela mjini hapo. Mama yake alikuwa binti wa mwenye benki.

Le Havre ilikuwa mojawapo ya bandari kuu za kahawa barani Ulaya. Mwaka 1882, Bachelier akiwa na umri wa miaka 12, mji huo ulifungua soko la kuuziana kahawa ya miezi ijayo. Mwaka huo huo soko kama hilo lilianza New York. Hadi leo New York ndiko inakopatikana bei ya msingi ya kahawa ya Arabika, ikiwemo ile inayolimwa kwenye miteremko ya Rwenzori. Kahawa ya Robusta hufuata bei ya London.

Mwaka 1889 mambo yaligeuka. Wazazi wake wote wawili walifariki katika kipindi cha miezi michache. Akiwa na miaka 19, Bachelier aliacha mipango ya masomo, akashika biashara ya baba yake na kubeba jukumu la dada yake na mdogo wake wa kiume aliyekuwa bado mtoto. Baadaye alikwenda jeshini kwa mujibu wa sheria, na ilikuwa mwaka 1892 alipofika Paris kuanza masomo katika chuo kikuu cha Sorbonne. Wenzake wengi walikuwa wamepitia shule za wateule. Yeye alikuwa amepitia duka na kambi ya jeshi.

Hakuwa mwanafunzi wa kung'ara katika mitihani. Alichokuwa nacho ambacho wenzake hawakuwa nacho ni kuijua biashara kutoka ndani, na hesabu zake zinaonyesha kwamba aliufahamu vizuri mwenendo wa soko la fedha la Paris.

Arbuni ni nini, na opsheni ni nini

Kabla ya kuendelea, ni vyema tueleze biashara yenyewe. Tuseme mnunuzi wa Bwera anataka kahawa mwezi ujao. Bei ya sasa ni shilingi 10,000 kwa kilo. Anamwendea mwenye ghala na kumlipa shilingi 300 kwa kila kilo ili amshikie mali kwa bei hiyo hiyo ya 10,000 kwa mwezi mmoja. Hiyo 300 ni arbuni, na hairudishwi.

Bei ikipanda hadi 11,000, mnunuzi anakuja kuchukua mzigo wake kwa 10,000. Amepata 1,000, toa arbuni ya 300, anabaki na faida ya 700. Bei ikishuka hadi 9,000, anaacha mzigo kwa mwenyewe na kununua kwingine. Amepoteza 300, si zaidi.

Hiyo ndiyo opsheni ya kununua: haki bila lazima. Ipo pia opsheni ya kuuza, ambapo mwenye mali analipa arbuni ili apate haki ya kuuza kwa 10,000 hata bei ikianguka. Masoko makubwa yanauza haki hizo za aina mbili kila siku kwa hisa, dhahabu, mafuta na kahawa.

Sasa tufikirie siku nyingine. Bei ya kahawa bado ni 10,000, haijasogea hata shilingi. Lakini mwenye ghala anakataa 300 na kudai 600 kwa kilo. Kwa nini? Kwa sababu naye amesikia jambo. Anaona bei inaweza kuruka mbali, na hataki kufungwa kwa ahadi ya bei rahisi. Bei ya kahawa haikusema lolote siku hiyo. Bei ya arbuni ndiyo iliyosema.

Kipimo cha wasiwasi

Hicho ndicho alichokiona Bachelier. Katika soko la Paris la wakati wake watu walifanya biashara kubwa ya hati za deni la serikali ya Ufaransa zilizolipa riba ya asilimia 3, na pamoja nazo opsheni. Utaratibu wa Paris ulikuwa tofauti kidogo na wetu wa mfano. Arbuni yenyewe ilipangwa kwa desturi, kwa mfano santimu 50, 25 au 10. Kilichopanda na kushuka ni umbali kati ya bei ya kawaida na bei ambayo mwenye opsheni angechukulia mali. Soko likiwa tulivu umbali huo ulipungua. Likiwa na hofu uliongezeka.

Tarehe 29 Machi 1900 Bachelier alitetea tasnifu yake ya udaktari, Théorie de la spéculation, mbele ya jopo lililokuwa na Henri Poincaré, mwanahesabu mashuhuri kuliko wote Ufaransa wakati huo. Ndani yake alieleza kwamba kila hati sokoni ina namba yake inayopima msukosuko au wasiwasi wake. Namba hiyo ikipanda, soko linahangaika. Ikishuka, soko limetulia. Na namba hiyo inapatikana kwa kuangalia bei za opsheni.

Hakuishia kwenye maneno. Alichukua bei halisi za soko la Paris za kuanzia mwaka 1894 hadi 1898, akazilinganisha na hesabu zake, na zikakaribiana.

Katika mfano wetu, hesabu yake inafanya kazi hivi. Chukua arbuni ya kushikia mali kwa bei ya leo, zidisha kwa 1.69. Arbuni ya 300 inatoa takriban 500. Maana yake ni kwamba soko linaona nafasi ni nusu kwa nusu kwamba baada ya mwezi bei itakuwa kati ya 9,500 na 10,500. Arbuni ikiwa 600, uwanja huo unapanuka na kuwa kati ya 9,000 na 11,000. Mfanyabiashara anayejua hivyo anaelewa ukubwa wa dhoruba ambayo wenzake wanaitarajia.

Ni muhimu kuweka jambo moja wazi. Kipimo hiki hakisemi bei itakwenda juu au chini. Bachelier mwenyewe alishikilia kwamba kwa kila anayenunua yupo anayeuza, na kwamba kwa wastani mbashiri wa bei hatarajii faida wala hasara. Arbuni hupima ukubwa wa wasiwasi, si upande wake.

Siku nne mpakani

Aligundua jambo la pili, na hili wasafirishaji walisikilize. Hatari ya bei haikui sawa na siku. Inakua kwa kipeuo cha pili cha siku. Siku 4 zina hatari mara 2 ya siku 1, na siku 9 zina hatari mara 3.

Tuseme lori lenye tani 20 za kahawa limekwama kwenye foleni ya forodha, na bei kwa kawaida husogea shilingi 200 kwa kilo kwa siku, ama juu ama chini. Siku ya kwanza mwenye mzigo ana shilingi milioni 4 zinazoning'inia. Baada ya siku 4 ni milioni 8, si milioni 16. Baada ya siku 9 ni milioni 12. Kwa hesabu hii siku ya kwanza ya kuchelewa ndiyo ghali kuliko zote kwa upande wa bei, na kila siku inayofuata huongeza hatari kidogo kuliko iliyotangulia. Aliyechelewa siku moja asidhani hajaingia hatarini.

Miaka 5 baadaye, mwaka 1905, Albert Einstein alitumia hesabu ya aina hiyo hiyo kueleza jinsi chembe ndogo zinavyotangatanga ndani ya maji. Mtoto wa muuza mvinyo alikuwa amekwisha kufika huko akifuata bei.

Mlango uliofungwa

Jopo la Sorbonne liliisifu kazi hiyo, na taarifa ya Poincaré ilieleza uzuri wake. Hata hivyo lilitambua kuwa somo lenyewe lilikuwa mbali na mambo waliyozoea wanahesabu. Alipewa daraja la heshima, lakini si lile la juu kabisa ambalo kwa desturi lilimfungulia mtu mlango wa ajira chuoni. Somo la bei na ubashiri lilionekana halina hadhi.

Kuanzia mwaka 1909 alifundisha Sorbonne kama mhadhiri huru asiye na kiti rasmi. Mwaka 1914 alichapisha kitabu kwa wasomaji wa kawaida kuhusu michezo ya bahati na nasibu, kikauzwa nakala zaidi ya 6,000. Mwaka huo huo chuo kilielekea kumpatia nafasi ya kudumu. Vita Kuu ya Kwanza ikazuka. Bachelier, akiwa na miaka 44, aliitwa jeshini kama askari wa kawaida na hakuachiwa hadi mwisho wa mwaka 1918.

Baada ya vita alihamahama akishikilia nafasi za watu wengine: Besançon, kisha Dijon, kisha Rennes. Alioa mwaka 1920, lakini mke wake alifariki muda mfupi baadaye.

Mwaka 1926 nafasi ya uprofesa ilifunguka Dijon. Profesa mmoja wa hapo, Maurice Gevrey, alidai ameona kosa katika andiko la Bachelier na kumpelekea Paul Lévy wa Paris, bingwa wa elimu ya uwezekano. Lévy alitazama sehemu aliyoonyeshwa tu, bila kusoma kazi nzima, akathibitisha kwamba ni kosa. Bachelier akanyimwa nafasi hiyo akiwa na umri wa miaka 56. Aliandika barua kali ya kujitetea, ila haikusaidia.

Mwaka uliofuata, 1927, alipata uprofesa wa kudumu Besançon na kufundisha hapo hadi alipostaafu mwaka 1937. Mnamo 1931 Mrusi Andrei Kolmogorov alichapisha kazi kubwa iliyomtaja Bachelier. Lévy alipoisoma alirudi kwenye tasnifu ile, akaona thamani yake, na akamwomba radhi. Bachelier alifariki tarehe 28 Aprili 1946 huko Saint-Servan, pwani ya kaskazini-magharibi ya Ufaransa.

Kadi za posta zilizofufua jina

Katikati ya miaka ya 1950 mtaalamu wa takwimu wa Marekani, Leonard Savage, alikutana na kitabu cha Bachelier maktabani. Aliwaandikia wenzake kadi za posta akiwauliza kama wanamfahamu mtu huyo. Mmoja wao, mchumi Paul Samuelson, aliitafuta tasnifu ya mwaka 1900 na kuanza kuitangaza. Tafsiri ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1964.

Mwaka 1973 yalitokea mambo mawili. Mwezi Aprili lilifunguliwa Chicago soko maalumu la opsheni za hisa, likianza na opsheni za kununua za kampuni 16. Na mwaka huo huo Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni yao ya kukokotoa bei ya opsheni, huku Robert Merton akiiendeleza. Scholes na Merton walipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997, miaka miwili baada ya kifo cha Black.

Mwaka 1993 soko hilo la Chicago lilianza kutangaza kipimo kiitwacho VIX. Leo kinakokotolewa kutokana na bei za opsheni za hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, na kinasema soko linatarajia msukosuko kiasi gani katika siku 30 zijazo. Magazeti hukiita kipimo cha hofu. Wakati wa mtikisiko wa mabenki, Novemba 2008, kilifunga siku moja juu kidogo ya 80. Tarehe 16 Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipotanda duniani, kilifunga kwenye 82.69. Ni wazo lile lile la mwaka 1900 likiwa limevaa nguo mpya.

Wachambuzi hutumia pia kipimo rahisi zaidi: wanahesabu opsheni za kuuza zilizonunuliwa leo na kuzigawanya kwa opsheni za kununua. Jibu likizidi kawaida yake, wanasema watu wanajikinga na anguko. Lakini hapa tahadhari inahitajika. Msafirishaji nje wa kahawa anayenunua opsheni za kuuza huenda hana hofu yoyote. Anakinga tu mzigo alio nao ghalani, kama mwenye lori anavyolipa bima bila kutarajia ajali.

Mipaka ya kipimo

Hesabu ya Bachelier ina udhaifu wake. Inachukulia kwamba bei hutembea hatua ndogo ndogo. Soko la kahawa linatufundisha vingine. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil katikati ya mwaka 1994, na tena Julai 2021, bei ikaruka kwa siku chache kuliko hesabu yoyote ya utulivu ingekubali. Merton na Scholes wenyewe walikuwa washirika katika mfuko wa Long-Term Capital Management, uliopoteza zaidi ya dola bilioni 4 mwaka 1998 na kulazimika kuokolewa na mabenki.

Sisi wa Kasese tunazo baridi zetu za Brazil. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo na kuingia wilaya hii. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa abiria, malori ya mizigo tu yakiruhusiwa. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020. Hakuna arbuni iliyotangaza tarehe za mambo hayo.

Funzo kwa Bwera na Kasese

Mkulima au mnunuzi wa hapa hahitaji kununua opsheni New York ili afaidike na kazi ya Bachelier. Msafirishaji nje anayenunua kahawa yake anaziona bei za opsheni kila siku. Muulize si bei tu, bali pia kama bei ya kujikinga imepanda au imeshuka wiki hii. Mwezi Februari 2025 Arabika ilipopita dola 4 kwa ratili huko New York, wengi walitazama bei peke yake na kutamani kushikilia magunia. Bei ikiwa juu na arbuni nayo iko juu, soko linasema kwamba hata lenyewe halina uhakika. Aliyekopa kununua mzigo siku kama hiyo ni heri auze sehemu kuliko kuweka yote rehani kwa bahati.

Dalili kama hizo zipo hata mtaani. Mtazame mbadilisha fedha wa Mpondwe. Tofauti kati ya bei anayonunulia dola na bei anayouzia ikipanuka ghafla, huku bei ya kati ikiwa pale pale, naye anadai arbuni kubwa zaidi kwa sababu amesikia jambo. Mtazame mwenye ghala anayekataa kushika bei hata siku mbili, na mwenye lori wa Kasindi anayetaka nauli yote mkononi kabla ya kupakia. Hao wote wanaongea kwa bei ya ahadi zao.

Kwa hiyo pamoja na daftari la bei, mfanyabiashara aweke safu ya pili: leo watu wanadai kiasi gani ili kushika ahadi ya wiki moja? Aandike kila siku ya soko. Baada ya miezi michache ataijua kawaida ya soko lake, na siku ambayo namba hiyo itaruka atapunguza mzigo au deni kabla habari haijafika redioni.